Nafasi ya Nyembe Nne

Nakumbuka siku moja katika gereji yetu mjini Migori, miaka ya tisini, nilipofunga ringi mpya kwenye injini ya Peugeot 404 bila kuzipima. Gari lilikuwa la Mama Awuor, mjane wa Mbita, aliyeleta omena, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni kwetu. Lilitoa moshi wa buluu na kunywa oili, na ndilo lililosomesha watoto wake.

Mwanangu, ringi ni duara la chuma lililokatwa mahali pamoja. Huizunguka pistoni na kuziba upenyo kati yake na ukuta wa silinda. Ukiiingiza silindani, zile ncha mbili hazipaswi kugusana. Mzee Ochieng', fundi aliyenifunza, alipima mwanya huo kwa nyembe za kunyolea: nne zikipita pamoja, basi. Siku hiyo alikuwa matangani Homa Bay. Ncha za ringi zangu ziligusana, nami nikafurahi, nikidhani zinavyobana ndivyo zitakavyoziba vizuri.

Injini iliwaka. Mama Awuor alinishukuru, akaondoka. Kabla hajafika Rongo ikakwama, gari likarudi likivutwa kwa kamba.

Mzee aliporudi tuliifungua. Ringi moja ilikuwa vipande, silinda imejaa mikwaruzo. Nikaanza kulalamika kwamba ringi zilikuwa feki.

"Omera, ndugu yangu, chuma ikipata moto inapanuka," Mzee akasema. "Hii yako ilikuwa ipanukie wapi? Kwa mfuko yako?"

Kisha akanituma nikamweleze mwenye gari. Alikuwa ameketi nje juu ya tairi kuukuu. Nilimwambia yote. Nilijua anawaza karo.

"Tengeneza," akasema. "Lakini kupima, napima mimi."

Tulipeleka bloku yenye silinda Kisumu ikachongwe mpaka mikwaruzo itoke, tukapata pistoni na ringi kubwa kidogo za kujaza nafasi hiyo. Kila ringi Mama Awuor aliipima kwa mkono wake, kwa nyembe nne za Mzee. Iliyobana nilisugua ncha zake kwa tupa, polepole, mpaka akakubali. Gari lile lilibeba omena miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo mwanangu, unapoanza kazi hii ya ufundi, pima hata unachodhani unakijua, maana injini ikishafungwa hakuna aonaye ndani. Na ukiharibu kazi ya mtu, asikie kwanza kutoka kinywani mwako. Usiogope, mimi nilikuwa mbishi kukushinda, na bado nikajifunza. Mungu aiongoze mikono yako, na kila utakachokifunga kimfikishe mwenyewe nyumbani.