Tyubu za Nirali

Winifrida alimwonea Nirali wivu tangu siku ya kwanza, wala hakujisumbua kuutafutia sababu nzuri. Soko la nchi lilikuwa limefunguliwa kwa bidhaa za nje, kontena zikimiminika kutoka bandarini, na baba yake Nirali aliuza friji mpya Kariakoo. Winifrida alivaa viatu vya mitumba vya Mchikichini. Hilo angelimeza. Lililomkaba kooni ni RNA.

Katika maabara yao jirani na Mnazi Mmoja, Dokta Tarsis alimkabidhi kila mmoja RNA yake, moja ya vile vipande vidogo ambavyo bakteria huvitumia kuwasha na kuzima kazi zao. Waizuie seli isitengeneze vipya, kisha waone vya zamani vinadumu kiasi gani. Cha Nirali kilidumu, kimelindwa na protini iliyokishikilia. Cha Winifrida kilitoweka kabla chai haijapoa. Basi wenzao wakamsifu Nirali kwa usafi wa mikono, na nafasi ya kwenda kusoma Ulaya ilikuwa moja tu. Roho ilimuuma Winifrida, ikamuuma kweli.

Kipimo cha mwisho walikifanya kwa seli za chupa moja, kila mtu akapima kipande chake. Nirali alipotoka kwenda kula, Winifrida alivua glovu, akachovya kidole kwenye tyubu za mwenzake, moja baada ya nyingine. Jasho la mkono huiharibu RNA. Pale maabara hilo hufundishwa kabla ya salamu. Akavaa glovu nyingine, akaendelea na kazi.

Kesho yake filamu ya Nirali, ambayo RNA huonekana juu yake kama mistari myeusi, ilitoka tupu. Dokta Tarsis aliitazama, akaitazama ya Winifrida, akavuta kiti akakaa.

“Nilishaamua uende wewe,” alimwambia Winifrida. “Seli yenyewe inakikata kipande chako, tena makusudi. Lakini nilihitaji cha Nirali kibaki kizima kutoka chupa ileile, nioneshe kwamba chako hakipotei kwa uchafu wa mikono. Sasa nani ataniamini?”

Kurudia haikuwezekana. Dawa ya kuzuia utengenezaji ilikuwa imekwisha, nyingine imekwama bandarini, na jina la atakayesafiri lilitakiwa Ijumaa hiyo.

Nirali alimfuata Winifrida koridoni, machozi yanamtiririka.

“Nisamehe, dada. Nimekuharibia safari yako.”

Winifrida alimwambia anyamaze, mambo hayo hutokea. Na hata hapo alimwonea wivu, kwa kuwa Nirali aliweza kulia mbele ya watu.