Lebo Haiazimwi

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa kaunta, mama mpole aliyekaa miaka mingi katika ofisi ile ya serikali ya jimbo huku ughaibuni, aliniuliza kama nimewahi kuwinda. Nikamwambia kwetu Tanga nilikuwa karani, na mnyama pekee niliyewahi kumkimbiza ni kuku. Akacheka, akanipa dirisha la leseni za uwindaji.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilidhani wanyama wa porini hutunzwa kwa kodi, kama barabara. Msimamizi akanielimisha kwamba ada ya leseni huingia katika mfuko maalumu wa wanyamapori, wala sheria hairuhusu itumike kwingine. Humo hutoka fedha za doria za maofisa wanyamapori, za ndege zinazohesabu wanyama theluji ikishatanda, na za mabwawa ya kukuzia samaki wachanga. "Anayewinda ndiye anayemlipia mnyama ulinzi," alisema. Ilinichukua muda kulikubali jambo hilo. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifundishwa kwamba kila kiumbe ni amana, na mimi nilikuwa nauza ruhusa ya kuua. Nikaomba Mungu anipe subira ya kujifunza kwanza.

Leseni peke yake haikutosha. Kulikuwa na lebo, karatasi ngumu inayofungwa kwenye mnyama aliyeuawa, lebo moja mnyama mmoja. Lebo za kulungu jike zilitolewa kwa kura, kwa sababu jike ndiye uzao wa kesho. Msikitini wapo walioniuliza kama kura ile si kamari. Niliwajibu kwamba mama akiwapangia watoto zamu ya kuosha vyombo kwa kura, hachezi kamari.

Mmoja wa waliopata lebo ya jike alikuwa Salimu, kijana wa Tanga aliyefanya kazi ghalani Downsview, kitongoji cha mji wetu wa huku. Mwaka huo Idi iliangukia Novemba, msimu wa kulungu, naye alikwisha kuwatangazia watu kwamba nyama ya Idi ni juu yake. Siku chache kabla ya safari, aliinua sanduku zito ghalani, likamtegua mgongo. Nikaenda kumjulia hali. Shemeji yake Juma, ambaye naye alikuwa na leseni ila kura ilimkosa, alikuwa pembeni anafuta buti.

"Mzee, lebo yangu anakwenda nayo shemeji," Salimu alisema. "Ndugu ni ndugu."

"Lebo haiazimwi, mwanangu."

"Sasa watu watakula nini, Mzee? Maneno yangu?"

Juma akasema maneno ya Salimu yangewashibisha watu mpaka Idi ya pili. Salimu hakucheka. Nilimwelewa. Kwetu ukiugua, nduguyo hushika jembe lako, na huo ni wema. Hapa ungemponza Juma mbele ya sheria, na jina la Salimu lingeharibika zaidi kuliko kwa kukosa nyama.

Kesho yake nilimuuliza ofisa wanyamapori wetu, bila kutaja jina. Hakukasirika. Alinieleza kwamba lebo hukatwa kufuatana na hesabu ya wale wa ndegeni, na ikizunguka mikononi mwa watu, hesabu yote inakuwa uongo. "Lakini wanaweza kuwinda kama kundi," akasema, "mradi mwenye lebo awepo, ashiriki, na wawasiliane."

Basi Salimu alikwenda, amelala kiti cha nyuma cha gari. Akakalishwa ukingoni mwa msitu na fulana yake ya rangi ya chungwa ili wawindaji wengine wamwone, blanketi magotini na redio ya upepo mkononi, awe macho ya Juma. Walirudi mikono mitupu. Idi tukala kuku, na utani ukawa mwingi. Salimu akangoja uishe, kisha akasimulia: jike na watoto wawili walipita karibu naye, akasikia wanavyotafuna. Alibonyeza redio amwite Juma, akaiachia.

"Shemeji, kumbe uliwaona?" Juma akauliza.

"Niliwaona."

Mgongo ule haukupona sawasawa, na bunduki hakuishika tena. Lakini kila mwaka, mpaka nilipostaafu katika miaka ya elfu mbili na kumi, alipanga foleni dirishani kwangu kununua leseni ya kulungu, ada iingie katika mfuko ule wa wanyama. Wenzangu walimwona mtu wa ajabu. Mimi nilimgongea muhuri, nikamwombea dua, nikamwita anayefuata.