Kilo za Mapasa Hazitangazwi

Mwaka ule nilikuwa na maziwa ya watoto wawili na hasira za watu wanne. Tulikaa katika kambi ya kampuni, Lubumbashi, mume wangu akifanya kazi kwenye tanuru za shaba, na mimi nikiitwa na kila mtu Mama wa Mapasa. Kwetu Katanga mwanamke akizaa mapacha, wale tunaowaita mapasa, jina lake la zamani linapotea siku hiyohiyo. Hata muuza makala aliyepita barabarani aliniita hivyo. Sokoni wanawake walinichekea na kunitupia matusi ya mapasa, ambayo ni desturi na si ugomvi, na mama wa mapasa anatakiwa kuyajibu. Mimi niliyajibu vizuri sana, waulizeni.

Kila Jumanne asubuhi tulikwenda foyer. Hiyo ilikuwa nyumba ndefu ya matofali karibu na dispensari ya kambi, mahali ambapo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kulea, na ambapo watoto wachanga walipimwa kilo. Aliyetusimamia tulimwita monitrisi. Alikuwa mwanamke wa kutoka Kasai, mrefu, amesoma, na blauzi yake nyeupe ilipigwa pasi mpaka ndani ya mifuko. Alikuwa na sheria zake, na nikisema kweli, nyingi nilizipenda. Mtoto mwenye upele au macho mekundu hakuingia chumbani. Alikaa na mama yake kwenye baraza la nyuma, kwa kuogopa surua, na monitrisi alimfuata hukohuko. Mlangoni palikuwa na beseni na sabuni, na hukupita bila kunawa. Kila mama alileta kitambaa chake cha kutandika kwenye mizani, hakuna kuazimana. Na ile mbabula, jiko la makala alilopikia uji wa mafundisho, aliizungushia mstari wa chaki sakafuni. Mtoto wako akiuvuka, chumba unafagia wewe. Mtoto wangu wa kwanza alianza kutambaa mapema, kwa hiyo chumba kile nakijua kila kona.

Lakini palikuwa na jambo moja lililonichoma roho. Mizani ilining'inia kwenye ndoano karibu na dirisha, na karani, msichana aliyejaza kadi za watoto, alikaa kwenye meza mlangoni, upande wa pili kabisa. Kati yao palikuwa na mabenchi yetu, wanawake tumejaa na watoto mapajani. Basi monitrisi alimweka mtoto kwenye mizani, akautazama mshale, halafu akazipigia kelele kilo ili karani azisikie. Na sisi sote tukazisikia. Mtoto mnene akitajwa, wanawake walipiga vigelegele na mama yake akapita katikati yetu kama bibi harusi. Mtoto mwembamba akitajwa, watu walinyamaza. Ukimya ule, nakwambia, ulikuwa mbaya kuliko matusi yote ya sokoni. Wengine waliwashindilia watoto maji kabla ya kupimwa, wengine waliwavika nguo mbili mbili. Wengine waliacha tu kuja.

Sasa fikiria mapasa. Kwetu mapasa hawalinganishwi. Ukimpa mmoja kitambaa, na mwenzake unampa kitambaa kama kile. Ukimsifu mmoja, unamsifu na wa pili papo hapo, kabla hajasikia. Anayedharauliwa anaudhika, na akiudhika anarudi alikotoka. Hayo nimeyanyonya kwa mama yangu, naye kwa mama yake. Cheka ukitaka. Mimi nilikuwa na watoto wawili tumboni na nikawatoa wote hai, sikuwa na nafasi ya kufanya majaribio.

Wa kwanza alikuwa bonge. Wa pili alizaliwa mdogo na akabaki mdogo. Mwanzoni tofauti ilikuwa kidogo, watu wakaifumbia macho. Baadaye ikawa wazi hata kwa kipofu.

Jumanne ile monitrisi alizitangaza kilo za wa kwanza, na vigelegele vikapigwa. Akamweka wa pili. Akautazama mshale, akautazama tena, akazitangaza kilo zake, na chumba kizima kikanyamaza. Kisha akaniuliza kutoka dirishani, kwa sauti ileile ya kumfikia karani:

"Mama Mapasa, huyu wa pili unamunyima nini?"

Mwanamke aliyekaa karibu nami, jirani yangu wa mlango wa tatu, akajibu kwa niaba yangu: "Mukubwa anakula ya mudogo."

Damu ilinichemka. Siyo kwa ajili yangu, mimi nimeshazoea midomo ya watu. Ilikuwa kwa ajili ya yule mdogo aliyelala kwenye mizani, ambaye wamemlinganisha na ndugu yake mbele ya kambi nzima, na wakamwona si kitu. Nilimchukua, nikamfunga mgongoni, nikambeba mwenzake kifuani, nikamwambia monitrisi neno ambalo sitaliandika, nikatoka. Kilo zenyewe sizitaji hapa pia. Zilishatajwa kupita kiasi.

Sikurudi tena. Jumanne zilipita, nami nikajifanya hamnazo, nikafua, nikatwanga sombe, majani ya muhogo, nikapalilia mchicha wetu, lenga-lenga, nyuma ya nyumba. Lakini niliishi roho juu. Yule mdogo aliacha kulia. Watu wasiojua watoto hufurahi mtoto akiacha kulia. Mimi niliogopa sana. Alilala mchana kutwa na macho nusu wazi. Nikimpa ziwa alivuta kidogo, akakunja uso, akaliachia. Nilipowalisha uji nilifuata desturi: kijiko kwa huyu, kijiko kwa yule, wote pamoja, wakati mmoja. Kumlisha mmoja peke yake ulikuwa mwiko. Kwa hiyo mdogo alipokataa tulimaliza, na alipoamka na njaa yake ndogo, nilimngoja mkubwa aamke kwanza ili wale pamoja. Mkubwa alikuwa na usingizi mzito wa watu walioshiba. Tukangoja.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Alikuwa akirudi kazini, ananawa, anawashika wote wawili, mmoja kila goti. Jioni moja akasema, bila kunitazama:

"Mugongo yako iko moja. Utabeba hasira ao mutoto?"

Nikamjibu kwamba hata hospitali wataita kilo kwa sauti, na huyu mtoto akisikia tena ataenda zake. Hakubishana. Aliendelea kumshika yule mdogo, na niliona kidole chake kikipapasa mbavu zake, moja baada ya nyingine. Usiku ule sikula.

Siku chache baadaye, mchana, monitrisi akaja nyumbani. Sikumtambua upesi, maana hakuvaa blauzi yake. Alijifunga kikwembe, kitenge chetu, na kitambaa cha kichwa, kama sisi sote. Nilisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hodi, Mama Mapasa."

"Kama umekuja kupiga kelele, barabara iko pana."

Akaomba maji ya kunawa. Nilimpa, nikishangaa. Akanawa mpaka viwiko, akaketi kwenye kigoda kifupi, akaomba ruhusa ya kuwaona watoto. Wote wawili, alisema. Akamgusa mkubwa kichwani, akamgusa mdogo kichwani. Akamwimbia mkubwa maneno mawili kwa Kiluba cha kwao, akamwimbia mdogo maneno yaleyale. Hakumzidishia hata mmoja. Nilimtazama vile mikono yake ilivyokwenda huku na huku, nikaelewa.

"Kumbe unajua," nikamwambia.

"Mi nilizaliwa nyuma ya mapasa," akasema. "Mama yangu alibazaa babili, kisha mimi. Hii desturi nilijua mbele ya kujua kusoma."

Badala ya kutulia, hasira zikanipanda upya. Kama alijua, kwa nini alinifanyia vile mbele ya watu? Nikamuuliza hivyohivyo, bila sukari.

"Karani iko mbali," akasema. "Tangu nilifika, meza iko pale, mizani iko huku. Nilifundishwa kuita kilo kwa nguvu, ili zisiandikwe vibaya. Nilizoea."

"Mutoto wangu anaisha sababu ya meza?"

Niliona aibu imemjaa usoni, aibu ya kweli, nami nikaketi chini kwa sababu miguu ilikuwa imechoka kukasirika. Tukawatazama watoto. Mkubwa alikuwa akivuta pindo la kikwembe chake. Mdogo hakuvuta chochote.

"Nitakuja Jumanne," nikamwambia, "lakini kilo yake tusikie mimi na wewe na ile kadi. Muntu mwingine, hapana. Hata jirani. Hata Mungu, akitaka kujua, atafute mwenyewe."

"D'accord, sawa," akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Jumanne iliyofuata nilipoingia foyer nilikuta meza ya karani imesogezwa mpaka dirishani, na kamba imefungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye kamba walitundika vikwembe viwili vya zamani, na mizani ikawa nyuma yake. Aliingia mama mmoja mmoja na mtoto wake, wengine wakangoja benchini. Monitrisi alisoma mshale na kunong'ona, karani akaandika, basi. Akatoka nje ya pazia akatuambia sheria mpya: hakuna kumuuliza mwenzako alipewa kilo ngapi. Wanawake walinung'unika kweli. Walionung'unika zaidi walikuwa wale wenye watoto wanene, maana starehe yao ilikuwa imekatwa. Jirani yangu wa mlango wa tatu alisema sasa foyer imekuwa kama kwa padri, watu wanaingia kuungama. Hata mimi nilicheka, na nilikuwa bado sijamsamehe.

Zamu yangu ikafika. Nyuma ya pazia hapakuwa na haraka, na hilo sikulitegemea. Zamani mtoto alipanda na kushuka mizani kama mzigo wa posho, kwa sababu macho yote yalikuwa yakingoja kilo. Sasa monitrisi alimvua mdogo nguo zote, akamgeuza taratibu, akamkagua vidole, tumbo, mdomo. Akamweka shavu kwa shavu, akasita. Akanusa sikio lake. Akanusa tena.

"Mama," akasema polepole, "hapa ndani kunaoza."

Sikio lilikuwa na usaha ndani kabisa, hautoki nje, na kila alipovuta ziwa maumivu yalimpanda mpaka kichwani. Ndiyo maana alikunja uso. Mimi niliyempakata usiku na mchana sikulijua, na mwanamke huyu alilijua kwa sababu kwa mara ya kwanza alipata nafasi ya kumnusa mtoto bila watu kungoja mchezo. Alituvusha mwenyewe mpaka dispensari. Munganga, daktari wa pale, alimchoma sindano, na tukarudi kuchomwa siku nyingi hadi tukazoeana na lile benchi.

Ilibaki desturi. Munganga alisema mtoto ale kidogo kidogo, mara nyingi, hata kama mwenzake amelala. Nikamtazama monitrisi. Nilijua siwezi, na yeye alijua siwezi. Hakunihubiria, wala hakuniambia ni mambo ya kijijini. Alifikiri, kisha akasema:

"Ukimupa mudogo kijiko, gusa midomo ya mukubwa na kijiko yake mwenyewe. Usimwamushe. Gusa tu. Atajua hukumusahau."

Vijiko viwili, maana tulikatazwa kuchanganya mate ya mgonjwa na mzima. Nikafanya hivyo. Mchana kutwa nilizunguka na vikombe viwili, nikimlisha mmoja na kumgusa mwingine midomo usingizini, naye akilamba na kuendelea kukoroma. Mume wangu alisema nimekuwa kama padri wa komunyo. Nilimwambia akae kimya na achochee mbabula.

Jumanne baada ya Jumanne tulipita nyuma ya pazia. Sikuulizwa, sikuuliza. Niliwaona wanawake waliokuwa wamepotea wakirudi mmoja mmoja, watoto wamefunikwa kabisa, wakiingia na uso mzito na kutoka wakipumua. Yule jirani naye siku moja aliniomba nimshikie kanda mbili zake akiingia, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Sikumuuliza kitu. Nilimrudishia kanda mbili zake.

Halafu ikaja asubuhi moja ya baridi, ule mwezi ambao moshi wa kampuni unakaa chini. Monitrisi alimpima mkubwa, akanong'ona. Akamweka mdogo. Mdogo akautazama mshale, akamtazama yeye, akashika kamba ya mizani kwa mikono miwili na kuanza kupiga mateke. Mizani ikayumba kama bembea. Monitrisi alijaribu kuishika, mshale ukaruka huku, ukaruka kule. Mtoto akakasirika kushikwa, akafungua mdomo na kulia kwa sauti ambayo nina hakika ilifika dispensari. Nje ya pazia mabenchi yote yakanyamaza.

Monitrisi alingoja. Akajaribu tena. Mwishowe akamwambia karani aweke kalamu chini.

"Leo siandikishi kitu," akaniambia. "Huyu mutoto iko muzima."

Nilimpokea akiwa bado anapiga mateke, akinikwaruza shingo, uso wake umevimba kwa hasira. Hasira zangu zenyewe, kabisa. Nikaketi palepale sakafuni nyuma ya vikwembe na kulia, yeye akilia, na ndugu yake akaanza kulia kwa sababu wenzake wanalia, mpaka mama aliyengoja zamu akauliza kutoka benchini kama tumehamia humo.