Jino Lisilo na Mwenzake

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Rujewa nikiwa na viatu vipya na cheti cha ufundi wa mifugo. Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mama wa Kinyakyusa mwenye sauti nzito, hakukitazama cheti. Alinipeleka nyuma ya ofisi alikofungwa punda mmoja, akataka nimwambie mnyama yule anaumwa nini. Nikaenda moja kwa moja kumshika mdomo. Punda akanitupa kwenye matope.

"Bwana mdogo," akasema bila kucheka, "mdomo ni mwisho. Anza chini."

Chini kulikuwa na madonge ya nyasi yaliyolowa mate, yametafunwa nusu na kudondoshwa. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Mwenye meno mazima humeza. Mwenye maumivu hudondosha. Baada ya hapo unanusa pumzi, kwa sababu jino bovu lina harufu ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau. Kisha unapapasa mashavu kwa nje, na pale anaposhtuka ndipo penye makali. Mdomo unafunguliwa mwisho, ukishasuuzwa kwa maji.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna vifaa vizuri kuliko vyetu, lakini kinywa cha punda ni kile kile. Taya lake la juu ni pana kuliko la chini, na magego yake huchomoza maisha yote huku yakisagana. Ukingo wa nje wa magego ya juu na ukingo wa ndani wa yale ya chini hukosa cha kusagana nacho na kuwa kama kisu. Wa juu hukata shavu, wa chini hukata ulimi. Tiba yake ni tupa yenye mkono mrefu. Daktari anapiga sindano ya kutuliza, wewe unaweka chuma cha kushikilia mdomo wazi, unasimama ubavuni, unapiga tupa polepole huku ukisikiliza. Mwanzoni inakwaruza. Makali yakiisha, sauti inalainika. Hapo acha. Ukiendelea mpaka meno yateleze, utamwachia punda mdomo usioweza kusaga kitu.

Ni kazi ya upweke, na chuoni hawakutuambia. Usangu ni tambarare. Boma unaliona mapema, na pikipiki inaendelea kunguruma bila boma kukaribia. Ukifika, watu wako malishoni. Mke wangu alikuwa mwalimu Iringa, kwa hiyo jioni nilirudi kwenye chumba cha kupanga, nikapika wali wa mtu mmoja.

Ni katika safari hizo za mabomani nilipomfahamu Mzee Masanja. Wanawe walikuwa wamehama na ng'ombe wote kuelekea kusini kutafuta malisho. Yeye alikataa kuondoka kwa sababu mkewe amezikwa pale. Alibaki na punda mmoja wa kumletea maji kutoka mferejini, na punda huyo alikuwa amebaki mbavu. Punda akifa, mzee asingeweza kuishi pale tena. Wanawe walikwisha kumwambia hivyo.

"Wewe ni wa wapi?" aliniuliza nilipoinama kutazama madonge.

"Iringa, mzee."

"Mhehe! Tangu lini Mhehe akajua meno ya punda? Ninyi si mnajua ya mbwa?"

"Ya mbwa tumemaliza, mzee, ndiyo tumekuja kwa punda."

Utani kwamba Wahehe hula mbwa ni wa zamani, lakini alicheka mpaka akashika mlango. Nilikuja kujua kwamba hakuwa amezungumza na mtu tangu juzi yake.

Pumzi ya punda ilinuka uozo. Nilimwita Daktari wa Wilaya, naye akaling'oa gego la chini lililokuwa likicheza kwenye ufizi. Mzee akashukuru, akadhani kazi imekwisha. Daktari akamwonyesha pengo.

"Mzee, lile la juu limebaki bila mwenzake. Hakuna cha kulisaga, na kukua haliachi. Litashuka mpaka lichome ufizi wa chini, na punda wako ataacha kula tena. Lazima lipunguzwe kila linaporefuka. Nani atakuja?"

Masanja akaninyooshea kidole. "Huyu mla mbwa."

Nikawa nakwenda. Nilipunguza jino, tukanywa maziwa ya mgando aliyopewa na majirani, tukataniana, nikaondoka. Hata nilipohamishiwa Mafinga simu iliendelea kuja, na maneno yalikuwa yale yale: "Mhehe, jino limekua." Nikaomba ruhusa, nikapitia kwa daktari wa Rujewa kwa ajili ya sindano, nikaenda.

Mafinga niliwahudumia ng'ombe wa wafanyakazi wa viwanda vya mbao. Fundi mmoja alikuja ofisini akifoka kwamba ameuziwa ng'ombe asiye na meno ya mbele ya juu. Mkuu wangu pale, Afisa Mifugo aliyependa utaratibu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mrudishe, halafu utafute mwenye nayo. Ukimpata niite, nami sijawahi kumwona." Kumbukeni: ng'ombe hana meno hayo tangu kuzaliwa, ana ufizi mgumu.

Mke wangu alifariki nikiwa bado Mafinga. Nilipostaafu nilirudi Iringa kwenye nyumba tuliyoijenga pamoja, nikatundika tupa ukutani. Wiki za mwanzo watu walipiga simu kuuliza dawa. Baadaye walimzoea bwana mifugo mpya, kama inavyotakiwa. Kiangazi kikaja, msimu aliozoea kunipigia kuhusu jino, nikawa naiweka simu karibu. Masanja hakupiga. Nilipompigia, simu yake haikupatikana. Nikaitundua tupa, nikapanda basi la kwenda Rujewa.

Nilimkuta ameketi nje. Mahali pa kumfungia punda palikuwa pameota majani.

"Alikufa mvua zilipoanza," akasema. "Uzee tu. Alikuwa anakula mpaka mwisho. Maji siku hizi wananiletea watoto wa jirani."

"Mbona hukunipigia?"

"Nikupigie niseme nini, Mhehe? Jino halipo. Nikasema wewe una shughuli zako."

Sikuwa na shughuli yoyote. Nilikuwa nimekaa Iringa nikiitazama simu, naye alikuwa amekaa hapa akiogopa kunisumbua. Nikaiweka tupa chini.

Masanja akaitazama, akanitazama. Kisha akaachama mdomo wote, akagusa jino pekee lililobaki juu.

"Haya, bwana mifugo. Umetoka mbali. Kagua hili."

Nikainama, nikaanza chini, kama nilivyofundishwa. Nikanusa, nikapapasa shavu. Akastahimili, ametulia kuliko punda wake.

"Halina mwenzake hili, mzee," nikamwambia. "Litanilazimu kuja mara kwa mara."

"Ndiyo maana nimekuonyesha," akasema, akaenda kutafuta kibuyu cha maziwa.