Kamba ya Fundi wa Vinyago

Yule fundi wa vinyago hakutaka malipo ya kuingia mashindano yake, na hilo ndilo lililonitia shaka kwanza. Alikuwa akitengeneza viti vya klabu ya Wazungu wa mashamba ya karanga, Nachingwea, akawaona wakimvika binti yao mmoja taji la urembo. Akaapa kuandaa mashindano yake kule Nkowe, ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita wazuri. Akazunguka akiwaalika: kibiongo wa Marambo, mama mwenye tezi shingoni, na shangazi yangu aliyenilea.

Shangazi alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivaa ndonya, kile kipande cha mti cha mviringo, kwenye mdomo wa juu. Watoto wa mjini walimfuata hadi kisimani wakimwita bata.

Fundi alipofika kwetu alitoa kamba ya ukili, akampima shangazi uso, paji hadi kidevu, akafunga fundo.

"Kamba ya nini?" nikauliza.

"Ya uzuri wake, bwana karani," akajibu bila kunitazama.

"Mwache, baba," shangazi akaniambia. "Tangu mume wangu afe hakuna aliyeniangalia muda mrefu hivi."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Kwetu anayepimwa kwa kamba ni maiti, ili kaburi lipate urefu wake. Ghalani nilikofanya kazi, mwenzangu akanimaliza kabisa: "Huyo mumiani, anakinga damu za watu kwenye chupa. Anapima wale ambao hakuna atakayewatafuta." Nikamweleza shangazi yote hayo, akacheka tu.

Asubuhi ya mashindano shangazi aliivua ndonya ili anawe uso. Nikaichukua, nikaitia mfukoni. Bila ndonya mdomo wake ulining'inia. Asingetoka hata mlangoni. Nikamwacha akiitafuta kwenye majivu ya jikoni, nikapanda baiskeli kwenda Nkowe kumfumania fundi.

Sikuona damu wala chupa. Niliona sura za mti juu ya vigoda, na kila mtu akiitwa kusimama nyuma ya sura yake. Kibiongo aliingia kwa maringo kama liwali.

"Taratibu, bwana harusi!" watu wakampigia kelele, naye akawapungia mkono.

Kigoda cha mwisho kilikuwa na sura ya shangazi, ndonya na yote.

"Mwenye sura hii yuko wapi?" fundi akauliza. Akauliza tena. Nilikuwa mbele kabisa, mkono mfukoni, nimeishika ile ndonya, bado nikijiambia kwamba huu ni mtego. Watu walipotawanyika alinifuata, akanipa kile kinyago cha shangazi.

Nyumbani nilimkuta shangazi ameketi chini, amejiziba mdomo kwa kanga. Nikamkabidhi kinyago, kisha ndonya. Ndonya ndiyo aliyoitazama.

"Uliogopa nitakufa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Au uliogopa nitaonekana?"

Nikaanza tena habari za kamba na maiti. Hakungoja nimalize. Siku zote aliivaa ndonya mbele yangu. Siku ile aligeukia ukutani kuivaa.