Mwiba wa Perege

Jumamosi tulimzika bibi, mama yake baba, kabla sijamwambia ukweli. Jioni jirani alileta perege waliokaushwa kwa moshi, na harufu yao ikanirudisha kwenye safari moja ya utotoni.

Baba alinitoa Malinyi kwenda Ifakara. Tulikaa hospitali hadi daktari akamwita peke yake. Alipotoka alinunua perege wa moshi mtoni, tukadandia gari la mizigo kwenda mlimani kwa bibi. Njiani aliniambia, "Bibi yako usimwambie tumepita hospitali. Sawa, mwanangu?"

Kule juu, nilipoona ukungu nilipiga kelele kwamba shamba linaungua. Bibi akacheka. "Watoto wa bondeni nyie!"

Tulipoanza kula, baba alikohoa mpaka akaweka tonge chini. Bibi akanigeukia.

"Baba yako anaumwa?"

"Hapana, bibi. Mwiba umemkwama."

Akavuta sahani ya baba, akamchambua yule perege mwiba mmoja mmoja, kama anamlisha mtoto mdogo, kisha akamrudishia.

"Haya, baba, kula sasa."

Baba alikula, akamaliza sahani yote. Hakuniangalia.