Mpini wa kata ya mama

Jamani, leo nimemfokea mjukuu wangu Zuhura mpaka nikaona haya.

Kosa lake? Kunisaidia.

Kaona kata ya kuchotea maji aliyoniachia mama, mpini wake mrefu kuliko mtu. Akaukata kwa msumeno.

"Bibi, sasa utachotea vizuri kwenye pipa."

Nilipiga kelele, majirani wakatoka!

Kifuu nimeshabadilisha mara nyingi, lakini mti ule aliuchonga baba, enzi za Mwingereza, tukiishi Mkongo kule Rufiji.

Mtoni tulikuwa hatushuki. Unasimama juu ukingoni, unashusha kata, ukiinua nusu ya maji inamwagika, na mashangazi wanakucheka. Yale macheko nayasikia mpaka leo.

Mamba wa mto ule hatukumtukana. Bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alileta askari na bunduki, akaua mmoja. Wazee hawakushangilia. Waliulizana tu mamba yule katumwa na mchawi gani.

Zuhura akauliza, "Sasa mpini mrefu vile wa nini?"

Nikamwambia. Mwanzo ulikuwa mfupi, kama alivyoukata yeye. Dada yangu Mwanaidi aliinama kuchota, hatukumwona tena. Kesho yake baba akaenda kutafuta mti mrefu.

Kaokota kile kipande alichokikata. Halafu: "Nikutafutie mti mwingine, Bibi?"

"Acha, mke mwenzangu. Kwenye pipa hakuna mamba."

Wenzangu wa Rufiji, kwenu mlichotaje?

Mimi jioni hii nimechota kwa huo mfupi. Nikajikuta nimesimama mbali na pipa, mkono nimeunyoosha.